UZI: Kutoka Nakuru hadi chemchemi ya Buffalo Springs: njia, gari, maji na saa za wanyama

Nyika_Nkr
Hamjambo wakuu. Likizo ya Agosti ikikaribia swali huwa lile lile: mtu yuko Nakuru, Njoro au Kisumu, ana siku tatu, anataka kuona nyika kavu yenye chemchemi hai. Tuliweke jambo hili mahali pamoja ili mwenye kuuliza asome kabla hajafunga mizigo.

Hifadhi ya Buffalo Springs iko Kaunti ya Isiolo, kusini mwa mto Ewaso Ng'iro. Ina kilomita za mraba 131. Ng'ambo ya mto ni Samburu (165), na upande wa mashariki wa barabara kuu ya Isiolo kwenda Marsabit ni Shaba (239). Tahadhari kwa watu wa kwetu: huu si ule Ewaso Ng'iro wa Narok unaoishia Ziwa Natron. Huu ni wa kaskazini. Unakusanya maji ya Aberdare na Mlima Kenya, unapita nyikani, halafu unamezwa na kinamasi cha Lorian bila kuiona bahari.

Maji ya chemchemi yanatoka wapi penye ukame namna ile? Mvua inayonyesha Mlima Kenya na vilima vya Nyambene huzama kwenye mawe ya volkano yenye nyufa nyingi. Husafiri chini kwa chini hadi pale miamba hiyo inapokwisha, ndipo hutokeza. Kwa hiyo mto ukibaki mchanga mtupu na vidimbwi, chemchemi bado inatoa. Maji ni maangavu. Ukiinama ukatazama chini unaziona punje za mchanga zikirukaruka pale maji yanapopenya, kama uji unaoanza kuchemka, ila ukitia mkono ni baridi.

Moja ya chemchemi hizo imezungushiwa ukuta, ikawa bwawa la watu kuogelea. Masimulizi yanayorudiwa na waongozaji ni kwamba shimo lake lilichimbwa na bomu la ndege ya Waitaliano wakati wa Vita vya Pili vya Dunia. Zilizobaki ni za wanyama. Mengi ya uzi huu yanahusu tofauti hiyo, kwa sababu hapo ndipo wageni wengi wanapoharibu.

Kondele_Kwetu
Asante sana mwalimu. Sisi tuko watano, tunatoka Kisumu na Probox. Itafika au tutafute gari lingine? Na tupitie wapi?

Dereva_Subukia
Nakujibu njia, gari nawaachia mafundi.

Kisumu hadi Nakuru kupitia Kericho weka saa nne. Usijaribu kufika Isiolo siku hiyo hiyo. Laleni Nakuru au Nyahururu, mwanzeni upya saa kumi na mbili asubuhi.

Kutoka Nakuru shika Bahati, Subukia, Nyahururu, kama kilomita 65. Kilima cha Subukia kina kona kali na malori yanayopanda polepole, basi usilipite lori pale. Nyahururu endelea na lami kuelekea Mweiga na Nyeri, kisha Kiganjo, Naro Moru, Nanyuki. Kwenye ramani utaona njia fupi kupitia Rumuruti. Ni fupi kwa macho. Kwa gari dogo lenye watu watano, hii ya Nyeri ndiyo unayoweza kuipangia saa.

Nanyuki hadi Isiolo ni kama kilomita 80 na hapo ndipo breki zinapokufa. Barabara inapanda mashamba ya ngano ya Timau, zaidi ya mita 2,500 juu ya usawa wa bahari, halafu baada ya njia panda ya Meru inashuka hadi mita 1,100 hivi Isiolo. Mtu akishuka na gia kubwa huku mguu umelala kwenye breki, diski zinapata moto, mafuta ya breki yanachemka, kanyagio linazama hadi chini bila kushika. Shuka na gia ya pili au ya tatu, injini ndiyo ilishike gari. Gari la otomatiki shusha kwenye L au 2, au zima O/D. Breki ikanyagwe kwa nguvu kidogo kisha iachiwe, siyo kukaliwa.

Isiolo jazeni tangi hadi juu. Ni mji wa mwisho wa kutegemea mafuta. Ndani ya hifadhi utatembea na gia ya kwanza na ya pili, na gari litakunywa kuliko lilivyokunywa kwenye lami. Kutoka Isiolo ni lami nzuri ile ya Moyale, na lango la Ngare Mara liko kama kilomita 20 mbele, mkono wa kushoto. Jumla kutoka Nakuru ni zaidi ya kilomita 300: weka saa saba pamoja na kula. Ukiona saa kumi jioni bado uko Nanyuki, lala Nanyuki.

Mtu asiwadanganye na njia ya Marigat hadi Maralal eti mtaona mengi. Mnamo Februari 2023 serikali ilitangaza sehemu za Baringo, Samburu na Laikipia kuwa za hatari, na gari dogo likiharibika kule hakuna fundi wa karibu.

Fundi_Kaptembwo
Probox itafika langoni bila neno. Ndani, kiangazi, kwa njia kuu hadi kwenye chemchemi, dereva mpole anaingia. Njia za pembeni kando ya mto zina mchanga laini na mawe meusi ya volkano, na hapo gari lenye tumbo chini litapasua sampu ya oili. Watu watano na mizigo, springi za nyuma zimekaa, unapoteza sentimita kadhaa za nafasi. Ushauri wangu: Probox iwafikishe, halafu kwa mzunguko wa wanyama kodini gari refu linalovuta kwa magurudumu yote manne, pamoja na dereva wake, Isiolo au Archer's Post. Mkigawana watano haiumi.

Kabla ya kuondoka:

Matairi. Tazama ubavuni mwa tairi, kuna tarakimu nne za mwisho baada ya herufi DOT. 2319 maana yake ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi la zaidi ya miaka sita, hata likiwa na meno, mpira wake umekauka. Lami ya Isiolo saa nane mchana litavimba na kupasuka. Upepo ujaze kwa kipimo kilichobandikwa kwenye fremu ya mlango wa dereva, kile cha gari lililojaa, na upime asubuhi tairi likiwa baridi.

Spea. Ishusheni ipimwe. Spea nyingi huwa na psi 15 na mwenyewe hajui. Ongeza kifaa cha kuziba pancha za tubeless pamoja na nyuzi zake, na pampu ya umeme ya kuchomeka kwenye gari. Miba ya mgunga ni mirefu, mieupe na imenyooka, inaingia mpira kama sindano. Ukiona mwiba umechoma usiung'oe mpaka uwe na kifaa mkononi.

Jeki peke yake mchangani ni bure, itazama. Beba kipande cha mbao ngumu, sentimita 30 kwa 30, unene wa sentimita tatu, ukiweke chini yake.

Rejeta iwe na kulanti, siyo maji ya bomba. Kagua mkanda wa feni kwa kuukunja: ukiona nyufa, badilisha Nakuru. Kichungi cha hewa kipulizwe kabla na baada. Geji ya joto ikipanda, zima AC, simama, acha injini mpaka ipoe nusu saa au zaidi. Kifuniko cha rejeta ikiwa moto hakifunguliwi, mvuke unaotoka pale unachubua uso.

Mkinasa kwenye mchanga, acheni kukanyaga mafuta. Kila mzunguko wa tairi ni kuchimba. Angalieni kwanza pande zote kama kuna mnyama, kisha mtu ashuke atoe mchanga mbele na nyuma ya matairi, punguzeni upepo hadi psi 20 kwenye yanayovuta, mrudi kinyumenyume kwenye alama zenu wenyewe. Baadaye jazeni tena kabla ya kushika lami, maana tairi legevu kwa mwendo wa kasi huungua ubavu. Kwenye mawe pia usiende na tairi legevu: ubavu unatoka nje na jiwe linaukata.

Nesi_Rongai
Maji ya kunywa. Hili naomba lisirukwe.

Kila mtu lita tano kwa siku, za kunywa na kupikia. Watu watano siku mbili ni lita 50, ongeza jerikani moja ya lita 20 ya gari na ya dharura. Yajazeni nyumbani au Nanyuki, yagawanyeni kwenye mitungi kadhaa ili mmoja ukipasuka msipoteze yote.

Maji ya chemchemi yanapendeza macho, lakini pale juu tembo, nyati na nyani wanakunywa na kunya pembeni. Uangavu hauonyeshi vijidudu. Ikibidi kuyatumia, yachemsheni hadi yatokote kabisa kwa dakika moja, au tumieni vidonge vya klorini: kile cha miligramu 67 kinatosha lita 20 za maji maangavu, kisha subirini dakika 30. Maji ya mto yenye tope yachujeni kwanza kwa kitambaa kilichokunjwa mara nne, la sivyo dawa inaishia kwenye tope.

Na sisi wa Nakuru tunalijua jambo jingine: maji ya chini ya ardhi ya mawe ya volkano huweza kuwa na floraidi, ile inayowapaka watoto wetu meno ya kahawia. Kuchemsha hakuiondoi. Maji yanapopungua sufuriani, yenyewe inabaki. Kwa hiyo maji ya watoto wadogo yatoke nyumbani.

Joto. Mtu akilalamika kichwa, akiwa na jasho jingi na kichefuchefu, mpelekeni kivulini, mlegezeeni nguo, mpeni maji ya chumvi na sukari kidogo kidogo: lita moja ya maji safi, vijiko vidogo sita vya sukari, nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vya kusawazishwa. Akianza kusema maneno yasiyoeleweka au kuzimia, msimpe kitu mdomoni. Mmwagieni maji mwili mzima, mpepeeni, gari lielekee hospitali ya rufaa ya Isiolo.

Malaria ipo. Muulizeni daktari kuhusu dawa za kinga kabla ya safari, na chandarua kibebwe hata Agosti. Viatu vikung'utwe asubuhi kwa sababu ya nge. Aliyeumwa na nyoka asikatwe, asifungwe kamba, asinyonywe sumu: mguu au mkono utulizwe kwa kipande cha ubao, pete na viatu vivuliwe kabla ya kuvimba, apelekwe hospitali.

MamaWawili_S58
Watoto wangu wana miaka 7 na 10. Wanaweza kuoga kwenye hilo bwawa? Mamba je?

Nyika_Nkr
Dada, kwenye lile lenye ukuta watu huogelea. Chemchemi nyingine na mto, hapana kabisa. Ewaso Ng'iro una mamba wakubwa, na kidimbwi kidogo cha kiangazi ndicho wanamojikusanya.

Hata lile la ukuta lina utaratibu wake. Simamisha gari mbali kidogo, zima injini, kaeni ndani dakika kumi mkitazama. Tembo akiwa njiani kuja kunywa, bwawa ni lake. Askari wa hifadhi akiwepo mwulizeni kama asubuhi hiyo pako salama, na akisema hapana ni hapana. Mtu mzima mmoja abaki nje ya maji akiangalia kichaka, asiwe na simu mkononi. Ngazi zina ukungu wa kijani unaoteleza, washikeni mkono. Na mwili uliotoka kwenye joto usirukie ghafla, aingie miguu kwanza.

Sabuni hapana, shampuu hapana, kufua hapana. Mafuta mazito ya kupaka mwilini yafutwe kabla ya kuingia. Maji yanayofurika bwawani yanateremka kwenye vijito ambamo pundamilia wanakunywa hatua chache mbele. Hawana mahali pengine pa kwenda kiangazi.

Firigogo_Njoro
Hapo umenigusa. Wengi hufika saa sita, wanapiga picha ya bwawa tupu, wanaondoka wakisema wanyama wameisha. Kila mnyama ana saa yake ya maji, na wengine hawana haja na maji.

Swala twiga, yule anayesimama kwa miguu miwili ya nyuma akila majani ya juu, anapata maji yake kwenye majani. Kumvizia chemchemini ni kupoteza siku, mtafute vichakani. Choroa naye anaweza kukaa muda mrefu bila kunywa.

Punda milia wa Grevy ni habari nyingine. Huyu ana mistari myembamba, tumbo jeupe na masikio makubwa ya mviringo. Duniani wamebaki takriban 3,000 tu, wengi wao Kenya. Mkubwa asiye na mtoto anaweza kukaa hata siku tano bila maji. Jike anayenyonyesha hawezi, inambidi anywe kila siku moja au mbili. Anapenda kuja mchana, wakati simba wamelala kivulini, na penye mifugo mchana analazimika kuja usiku, kwenye hatari. Sasa gari likiegeshwa kati ya kichaka na maji, anasimama mita mia moja hivi, masikio mbele, anapiga hatua mbili, anarudi moja. Kwa macho ya mgeni ametulia. Ukweli ni kwamba anaogopa kupita. Dakika 40 hivi anageuka na kiu yake, na maziwa ya mtoto yanapungua. Tafadhalini sana: tazama njia zao zilizochimbika kwa kwato, uegeshe upande wa pili, upepo ukikujia usoni, injini imezimwa, milango isipigwe.

Kwa ndege, njooni asubuhi saa mbili hadi nne. Firigogo hufika makundi kwa makundi, utasikia sauti kabla ya kuwaona. Dume hutumbukiza manyoya ya tumbo majini akatulia hadi yalowe, kisha huruka na maji hayo hadi kwa makinda jangwani. Ukiwa na darubini unaona kabisa akijitikisatikisa ili manyoya yanywe. Kanga wenye shingo ya buluu pia hushuka asubuhi. Tembo na nyati ni wa mchana kwenda jioni.

Kondele_Kwetu
Kumbe. Tulikuwa tumepanga kufika saa sita tuondoke saa nane. Tunabadilisha. Sasa kulala: hema au hoteli?

Dereva_Subukia
Bajeti ndogo, laleni Isiolo mjini, mwingie langoni saa kumi na mbili asubuhi. Ni nusu saa tu. Usiku msiendeshe kwenye barabara ile, ngamia weusi hawaonekani.

Firigogo_Njoro
Sikubaliani na kaka. Ukilala Isiolo unakosa mapambazuko, na ndiyo saa yenyewe. Kambi za umma zipo ndani. Hazina uzio, kwa hiyo lipieni askari mwenye bunduki wa usiku, mpatane langoni kabla ya kuingia. Hema lisisimamishwe juu ya njia ya wanyama wala chini ya mikoma: matunda yake ni magumu, na tembo huja kuyafuata. Chakula chote kifungiwe ndani ya gari, siyo hemani. Nyani na tumbili wanajua kufungua zipu, na chungwa moja ndani ya hema linamwita tembo. Moto uzimwe kwa maji na mchanga. Kuni msiokote ndani, bebeni makaa au jiko la gesi.

Dereva_Subukia
Kwa wenye watoto bado nasema mjini.

Bahati_Road
Wakuu, kwa nini tusiende Bogoria tu? Ni karibu, na chemchemi zipo.

Nyika_Nkr
Ndugu, Bogoria ni nzuri na kwa siku moja kutoka Nakuru kupitia Mogotio na Marigat inatosha. Lakini ni kitu kingine. Chemchemi zake zinatokota karibu na nyuzi mia, watu huchemsha mayai, hakuna kuoga. Ukingo wa ardhi kando ya tundu ni mwembamba, ukikatika unazama mguu kwenye maji yanayochemka, hivyo watoto wasikaribie. Tena ziwa limepanda miaka ya karibuni na kufunika baadhi ya chemchemi za Loburu. Anayetaka kuona nyika ikinywa maji baridi, aende Isiolo.

Fundi_Kaptembwo
Mvua, kabla hatujasahau. Miezi mibaya ni Aprili, Mei na Novemba. Udongo mweusi ukilowa unajaza meno ya tairi hadi linakuwa kama boga, gari linaelea. Na laga, yaani mkondo mkavu wa maji ya mvua, ni hatari zaidi. Mbingu inaweza kuwa safi pale mlipo, mvua imenyesha Mlima Kenya au Nyambene jana usiku, maji yanafika ghafla yakiwa na magogo. Mkikuta laga lina maji yanayotembea, usiingie kupima kwa gari. Maji ya kufika magotini yenye kasi yanatosha kusukuma Probox. Subirini, mengi hupungua baada ya saa chache. Na kamwe msiegeshe wala kupiga hema ndani ya laga kavu, hata kama kivuli chake ndicho kizuri kuliko vyote.

MamaWawili_S58
Na malipo? Nimejaribu kwenye eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, upande wa KWS (Shirika la Wanyamapori), sikuiona.

Nyika_Nkr
Hutaiona, dada. Buffalo Springs na Shaba ni hifadhi za Kaunti ya Isiolo, na Samburu ni ya Kaunti ya Samburu. Hulipi kupitia KWS. Bei za siku hiyo ziulizwe kaunti au langoni, na mwulize pia kama tiketi yako inakuruhusu kuvuka hadi Samburu au ni malipo mengine. Beba kitambulisho halisi, siyo picha ya simu, na vyeti vya kuzaliwa vya watoto, ili utozwe bei ya raia. Weka salio kwenye M-Pesa ukiwa bado Isiolo, maana ndani mtandao unakatikakatika. Ramani pia pakueni kabla. Mwambieni mtu nyumbani mnaingia lango lipi na mnatarajia kutoka saa ngapi.

Kamera ya kuruka iacheni, inahitaji vibali na inatawanya wanyama majini. Wafugaji mtakaowakuta njiani, Waborana, Wasamburu, Waturkana, Wasomali, wasalimieni kwanza na mwombe kabla ya kupiga picha. Wakiwa wananywesha mifugo nje ya hifadhi, subirini wamalize ndipo mpite.

Kondele_Kwetu
Tumeelewa. Jerikani tatu za lita 20 zipo, ya nne tunanunua kesho. Spea tumeishusha leo jioni: psi 12.

Fundi_Kaptembwo
Pimeni tena kesho asubuhi kabla ya kuijaza. Ikiwa imeshuka chini ya 12, itieni kwenye beseni la maji mtafute povu, anzieni kwenye vali.